Hadubini moja ya "mara 2,000" kwa shule nzima?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Biolojia huku Tukuyu. Shule yetu inaanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita. Muuzaji anatushauri tununue hadubini za aina moja, zinazokuza mara 2,000, zitumiwe na wote. Tukubali?

JIBU: Msikubali, Mwalimu. Hiyo 2,000 peke yake ingetosha kunitoa dukani. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo ukivuka mara 1,000 na kitu unakuza ukungu tu. Mara nyingi wameondoa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya kukuza mara 10 wakachomeka ya 20, basi.

Wadogo wa msingi wapeni hadubini ya macho mawili (stereo) inayokuza mara 20 hadi 40. Haihitaji slaidi, kile kipande cha kioo cha kuwekea sampuli. Unaweka fukusi wa mahindi au ua la pareto, mtoto anaona kitu kizima, wima. Hadubini ya kawaida hupindua picha: ukisogeza slaidi kushoto, picha inakwenda kulia. Mtoto wa miaka tisa anachoka mapema.

Kidato cha kwanza hadi cha nne, kwenye hadubini ya kawaida, zinatosha lenzi za upande wa slaidi za 4, 10 na 40. Kwa lenzi ya jicho ya 10 mnapata mara 40, 100 na 400. Seli za ngozi ya kitunguu, kwa tone la iodini, huonekana vizuri hata kwa mara 100. Lenzi ya 40 iwe na springi, maana wanafunzi huishusha mpaka inapasua slaidi. Ile ya 100, inayotumia mafuta, waachieni wa tano na sita wanaotafuta bakteria. Hadubini mbili au tatu zenye lenzi hiyo zinatosha. Fedha inayobaki iongeze idadi ya zile za chini.

Taa iwe ya kuchaji, umeme wetu mnaujua. Ila kwa Tukuyu naogopa unyevu zaidi. Nimewahi kufungua hadubini iliyofunikwa nailoni msimu mzima wa mvua nikakuta kuvu imetanda kwenye lenzi kama utando wa buibui, na kioo kikishaliwa hakirudi. Zihifadhini kwenye kabati lenye balbu ya zamani ya wati 25 inayowaka, si LED, haina joto la kutosha.

Siku ya kununua bebeni kitunguu na wembe. Tengenezeni slaidi palepale, jaribuni kila moja kabla ya kulipa.