Baba kabadilika tangu kiharusi, na maswali mengine ya ubongo

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Anatembea vizuri sasa, lakini yule mzee mpole hayupo. Anatukana wakwe, anacheka msibani. Mama anasema ni uzee. (Msomaji, Tanga)

Poleni sana. Wengi wetu tukisikia kiharusi tunawaza mkono na mguu kupooza, basi. Kikipiga sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, miguu inaweza kubaki mizima huku breki za ulimi zikikatika.

Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni cha Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka, chuma kirefu cha zaidi ya mita moja kikamwingia shavuni na kutokea utosini. Hakufa. Ila daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena: alikuwa mtu wa adabu, sasa matusi. Wasimuliaji husahau kumalizia. Baadaye Gage aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyomfaa mtu aliyeharibika kabisa.

Kwa hiyo msimkatie tamaa mzee. Siku zake ziwe na ratiba ileile, wageni wachache kwa wakati mmoja. Na kicheko kile cha msibani mkitaje kliniki, maana kinaweza kutibika na daktari asipoambiwa huenda asiulize.

Nikigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kabla sijasikia maumivu. Kwa nini?

Amri haitoki kichwani. Habari ya moto ikifika kwenye uti wa mgongo, misuli inaamriwa papo hapo. Ubongo huarifiwa baadaye kidogo, kama mjumbe wa nyumba kumi anayefika ugomvi umeshaamuliwa.

Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Uongo. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Nani analisha mzigo wa bure kiasi hicho?

Mwanangu wa miaka 9 hukodoa macho darasani, hutafuna mdomo mtupu na kupapasa vifungo vya shati. Akiitwa haitiki. Mwalimu humchapa kwa kiburi.

Fimbo ikome leo. Ninavyosoma maelezo yako, hii inafanana sana na kifafa. Si kila kifafa humwangusha mtu na kumtoa povu. Kipo kinachoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, na mtoto huonekana kama amezubaa tu. Mrekodi kwa simu, kisha mpeleke hospitali na video hiyo. Ikimpata, msimtie kijiko mdomoni wala kumbana. Ondoeni vitu vya hatari, kaeni naye, tazameni saa. Zikipita dakika 5, mkimbizeni hospitali.