Marekebisho mara saba, malipo bado

Mdogo wangu, pole sana. Umesema umechora picha 12 za kitabu cha watoto, mwenye kitabu amekurudishia kazi mara saba, na hujapokea hata shilingi. Limenigusa, maana nami nilishawahi kuchora jalada zima kwa ahadi ya mdomo, nikaja kuliona dukani kabla sijalipwa.

Kwanza weka kalamu chini. Mwandikie kwa adabu kwamba kazi itaendelea akishalipa nusu. Usiogope kumkosa, anayekwepa nusu sasa, hiyo iliyobaki ungeipata wapi?

Kazi ijayo makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp ambao mteja ameujibu "nimekubali". Taja idadi ya picha, marekebisho mawili yaliyomo kwenye bei, na gharama ya kila la ziada. Tena marekebisho yafanyike kwenye rasimu ya penseli. Kugeuza mkono wa mtoto hapo ni dakika mbili. Ukishapaka rangi na vivuli, jioni nzima imekwenda. Ukimwonyesha, tuma picha ndogo yenye jina lako katikati. Faili la kuchapishia, la dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), litoke pesa ikishaingia.

Andika pia kama picha ni za kitabu tu au hata fulana na mabango, kwa sababu matumizi mapya yana bei yake. Kama uko Tanzania, unaweza kusajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Na hizo rasimu zote saba usizifute, zihifadhi pamoja na tarehe zake.