Jani halitoki kwenye fremu ndogo? Jaribu gome la mti

Ndugu, umeuliza mambo mawili kuhusu kufuma pambo la ukutani kwenye fremu ndogo: kwa nini jani ulilolichora na kuliweka nyuma ya mtande (nyuzi za wima zilizotandwa kwenye fremu) halitoki kama lilivyo kwenye karatasi, na kwa nini pambo lako linazidi kuwa jembamba kadiri unavyopanda juu.

La pili ni jepesi. Mshindio, yaani uzi unaoupitisha kwa mlalo kati ya nyuzi za mtande, hauvutwi ukanyooka. Upitishe ukiwa umepinda kama upinde, ndipo uushindilie chini kwa uma wa mezani. Ule urefu wa ziada ndio unaotumika kupanda na kushuka kwenye nyuzi za mtande. Mshindio ukiukosa urefu huo, utauchukua pembeni na kingo zitaingia ndani. Mtande nao uwe uzi wa pamba usiovutika. Sufu iache kwa mshindio.

Sasa jani. Fremu ya upana wa sentimita 20, yenye nyuzi 2 kwa kila sentimita, ina nyuzi 40 tu. Picha nzima iingie humo. Kila mviringo utageuka ngazi, na mshipa mwembamba uliolala mshazari utakatika-katika. Unaweza kuzidisha nyuzi, ila hapo mshindio lazima uwe mwembamba na kazi itakuchosha kabla haijafika nusu. Kusema kweli, mimi majani nimeyaacha. Nafuma vile ambavyo mtande wenyewe unavitaka.

Na mtande unataka sura ya gome la mti. Chukua rangi mbili, tuseme kahawia iliyokolea na kijivu. Pitisha kahawia mara moja, kijivu mara moja, kahawia tena, kijivu tena. Kwa kuwa kila rangi inafunika nyuzi zilezile za mtande kila inapopita, utaona mistari myembamba ya wima ikijijenga yenyewe. Ukichoka nayo, pitisha kahawia mara mbili mfululizo kisha endelea kama kawaida: mistari inahama, kahawia inakaa palipokuwa na kijivu. Fanya hivyo hapa na pale, usihesabu, na gome linapata mipasuko yake. Nyuzi zilezile, ukipitisha kila rangi kwenda na kurudi ndipo ubadilishe, zinakupa mistari ya mlalo yenye viwimbi vidogo. Hayo ni maji, bila kuchora chochote.

Anga la jioni pia halina taabu. Shika nyuzi 3 nyembamba kwa pamoja kama uzi mmoja, na unapopanda badilisha mmoja tu kwa wakati. Rangi zitayeyukiana.

Penye ugumu ni mashina ya miti na nyasi ndefu. Rangi mbili zikikutana kwenye mstari wa wima kila moja inarudi kwake, na katikati panabaki upenyo. Dawa ni kugeuza mchoro ulale ubavu: shina unalifuma kama ukanda wa mlalo, na kazi ikiisha unaigeuza kabla ya kutundika. Wafumaji wa Ulaya wa zama za kati walifuma picha zao kubwa za ukutani kwa namna hiyo. Penyo zozote zitakazobaki zishone kwa nyuma, maana sasa zimelala na uzito wa kazi utazifumbua.

Ukitaka kupachika vitu halisi, inawezekana. Sheila Hicks, msanii wa Marekani aliyezaliwa 1934, amefuma vipande vidogo kwenye fremu ya mkononi tangu miaka ya 1950, na katika baadhi yake ameingiza vitu halisi kama magamba ya baharini. Ila jani bichi litanyauka na kuacha nafasi iliyolegea, kwa hiyo tumia kijiti kilichokwisha kukauka, na fuma mistari michache iliyobanwa vizuri juu na chini yake.

Hujasema umetanda nyuzi ngapi kwa sentimita wala unene wa sufu yako. Ukitaja hayo, nitakuambia kama gome litaonekana au utahitaji uzi mnene zaidi.