Maswali Yenu: Mashujaa ndani ya kituo cha angani kilichohujumiwa

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili hapa Pasua, Moshi, tunachora hadithi ya katuni kuhusu mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, wanaokwenda kuwaokoa wanaanga saba baada ya adui kukihujumu kituo chao. Shujaa wetu mkuu anaruka kutoka kilele cha Kilimanjaro, anapasua ukuta wa kituo kwa ngumi, anazima moto kwa pumzi yake, kisha anawabeba wote mikononi hadi duniani. Mwalimu wetu wa fizikia anasema shujaa huyo atawaua watu aliokwenda kuwaokoa. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wenu amesema kweli, ingawa hadithi yenyewe haistahili kufutwa kwa sababu hiyo. Ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimekaliwa na watu bila kukatizwa tangu Novemba 2000, kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni sawa na ile ya Tanga au Dar es Salaam, na nje ya ukuta wake wa aluminiamu, wenye unene wa milimita chache tu, hakuna hewa ya kuvuta. Shujaa akitoboa tundu la kupitisha mabega yake, hewa yote itakimbilia nje, na kwa hesabu za kawaida za mtiririko wa gesi haitapita nusu dakika kabla ya hewa iliyobaki kuwa nyepesi kuliko ile ya kilele cha Kilimanjaro, ambayo tayari ni karibu nusu tu ya hewa ya pwani. Mtu asiye na vazi la angani akifikwa na ombwe, yaani mahali pasipo hewa, hupoteza fahamu baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi, na akijaribu kubana pumzi mapafu yake yanaweza kupasuka. Ndiyo maana wanaanga huingia na kutoka kupitia chumba maalumu chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja. Shujaa wenu hana budi kuingia humo, kufunga mlango wa nyuma yake na kusubiri hewa ijae, hata kama anawaona watu wakikohoa upande wa pili. Mimi ningekutengea kusubiri huko kurasa mbili nzima, kwa maana hapo nguvu zake zote hazimsaidii kitu.

Kilimanjaro una mita 5,895, na kituo kiko umbali wa takriban kilomita 400 juu ya ardhi, kwa hiyo mlima haumpunguzii safari kiasi cha kutajwa. Kinachomtaabisha hasa ni mwendo, kwa kuwa kituo hukimbia takriban kilomita 28,000 kwa saa, mwendo ambao ungemtoa mtu Moshi na kumfikisha Arusha kwa sekunde kama kumi. Akifika juu bila kasi hiyo, kituo kitampita au kitamgonga. Mwambieni aruke kuelekea mashariki, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe humwongezea kasi. Faida hiyo ndiyo iliyotumika katika jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Suala la moto ni zito zaidi. Tarehe 23 Februari 1997, ndani ya kituo cha Urusi kilichoitwa Mir, kopo la kuzalisha oksijeni liliwaka wakati watu sita wakiwa humo, moshi ukajaa, na moto ukaziba njia ya kukifikia kimojawapo cha vyombo viwili vya kurudia duniani. Moto ule ulikuwa ukijipatia oksijeni kutoka katika kopo lenyewe, kwa hiyo kuufunika kusingeuzima. Kupuliza nako ni kuuchochea, na katika kituo cha sasa miongoni mwa hatua za kwanza king'ora cha moto kinapolia ni kuzima feni. Shujaa mwenye pumzi kali na aizuie pumzi hiyo, kisha awagawie watu vifuniko vya uso vya oksijeni.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Sakina, Arusha. Je, hujuma kama hiyo imewahi kutokea kweli, au ni ya kubuni tu?

JIBU: Usiku wa tarehe 29 Agosti 2018, waongozaji walioko duniani waligundua kwamba kanieneo ya hewa kituoni inashuka polepole. Waliwaacha wanaanga walale hadi asubuhi, kwa kuwa hatari haikuwa ya papo hapo, na baadaye tundu la upana wa takriban milimita 2 likapatikana katika Soyuz MS-09, chombo cha Urusi cha kusafirisha wanaanga, kilichokuwa kimeunganishwa na kituo. Lilizibwa kwa kitambaa cha shashi na gundi ya epoksi. Lilionekana kama limetobolewa kwa keekee, na viongozi wa shirika la anga la Urusi walitamka hadharani kwamba huenda ilikuwa makusudi. Hata hivyo maelezo kamili ya chanzo chake hayajawekwa wazi kwa umma. Kwa mwandishi wa hadithi tundu hilo lina thamani kubwa kuliko bomu, kwa sababu adui anayetoboa milimita 2 anaweza kuwa yeyote, na kila mtu ndani atamtazama mwenzake kwa mashaka.

Tukio la Mir la tarehe 25 Juni 1997 halikuwa hujuma, ila lafaa kusomwa na kila anayeandika juu ya uokoaji. Chombo cha mizigo kiligonga sehemu iliyoitwa Spektr na kuitoboa, na mlango wa sehemu hiyo haukuweza kufungwa kwa sababu nyaya zilikuwa zimepitishwa katikati yake. Wanaanga Michael Foale na Aleksandr Lazutkin walihangaika kuzichomoa na kuzikata ndipo wakaweza kuiziba. Walipoteza sehemu kubwa ya umeme wao, lakini wote walibaki hai.

SWALI: Kwa nini wanaanga wasipande tu chombo chao na kurudi nyumbani, badala ya kusubiri mashujaa? Msomaji, Njiro, Arusha.

JIBU: Hufanya hivyo inapobidi, maana kila mmoja ana nafasi yake katika chombo kilichounganishwa na kituo. Kuwabeba mikononi, kama vijana wa Pasua walivyochora, haiwezekani, kwa kuwa hewa mbele ya kitu kinachoingia angahewa kwa kasi ile hupata joto la maelfu ya nyuzi. Ugumu huja chombo kinapoharibika. Desemba 2022, Soyuz MS-22 ilivuja kipozeo chake, yaani kimiminika cha kupoza chombo, na ikabidi chombo kingine kirushwe kitupu Februari 2023. Hadi kilipofika, kiti cha mwanaanga Mmarekani Frank Rubio, ambacho hufinyangwa kufuata umbo la mwili wa mhusika, kilihamishiwa kwa dharura katika Dragon, chombo cha Marekani, na safari yake ikarefuka hadi siku 371. Soyuz hubeba watu 3 na Dragon kwa kawaida 4, na jumla yake ni wale saba wa hadithi. Adui mwenye akili angeuacha ukuta na kuharibu kipozeo cha Soyuz, na mashujaa wangekuta watu watatu wasio na viti na chombo cha pili ambacho bado kiko duniani.