Kidato cha kwanza: tranka limejaa, daftari la maneno liko wapi?

Juzi mama mmoja ameniandikia. Mwanawe kachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, na ameniorodheshea alivyokwisha kununua: godoro la futi mbili na nusu kwa sita, shuka jozi mbili, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, tranka, kufuli, jembe, fyekeo, fagio la chelewa na rimu ya karatasi. Anauliza kimebaki nini.

Kwa upande wa fomu ya kujiunga, mama, hakuna kilichobaki. Ila katika hivyo vyote hakuna hata kimoja kitakachomwokoa mwanao pale mwalimu wa Biolojia atakapofuta ubao yeye akiwa bado anahangaika na mstari wa pili.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amesoma na kufanya mitihani kwa Kiswahili. Akivuka geti la sekondari, ukiacha somo la Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili, karibu kila kitu kinageuka Kiingereza: Fizikia, Kemia, Jiografia, hata Hisabati aliyokuwa akiipatia yote. Aliyekuwa wa kwanza darasani anakaa kimya mwezi mzima. Nyumbani wanasema kapatwa na jambo, wengine wanaanza kutafuta mtaalamu. Hajarogwa huyo. Haelewi anachosomewa, na anaona aibu kusema.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: aripoti siku ile shule inapofunguliwa Januari. Shule nyingi huanza na wiki kadhaa za kozi ya awali ya Kiingereza, ile wanayoiita beziline, kabla ya kuingia kwenye mada za masomo. Ndizo wiki ambazo mzazi humweka mtoto nyumbani akisubiri sare ishonwe. Mtoto anafika Februari na sketi mpya inayong'aa, wenzake wameshajifunza kuuliza na kujibu, yeye anaanzia hewani. Viongozi wa serikali wamesema mara nyingi kwamba mtoto apokelewe hata akiwa na sare ya shule ya msingi. Basi mpeleke, sare itamfuata.

La pili ni daftari la maneno. Hapa naomba utulivu, kwa sababu kila mtu husema "ajifunze Kiingereza" halafu haelezi namna.

Chukua daftari moja dogo la kurasa 80, lisiwe la somo lolote. Kila mada ipate ukurasa wake, na ukurasa ugawanywe safu tatu: neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi lilimotoka, imenakiliwa kama ilivyo kitabuni. Maneno 10 kwa siku ya shule, yasizidi. Hiyo ni 50 kwa wiki, na muhula wa wiki 12 za darasani unakupa 600. Jumapili unafunika safu ya maana kwa rula, unajipima, na lile ulilokosa unaliwekea alama ya nyota ulirudie.

Wengi hukosea kwenye kuchagua maneno. Tuseme kitabu kina sentensi hii: "Green plants manufacture their own food through a process called photosynthesis", yaani mimea ya kijani hujitengenezea chakula kwa mchakato uitwao usanisinuru. Mwanafunzi mgeni hukimbilia lile neno refu la mwisho. Hilo achana nalo, mwalimu atalieleza kwa dakika 20 na kulichorea picha. Linalokuangusha ni "manufacture", na "through", na "process", maneno ya kawaida ambayo mwalimu anayapita kwa kuwa anadhani unayajua. Hayo utakutana nayo kwenye Kemia kesho na Jiografia keshokutwa. Kanuni yangu ni hii: neno lililotokea mara mbili au zaidi kwenye mada moja, au lililo kwenye kichwa cha mada, linaingia daftarini. Mengine subiri. Ukijaribu kuandika kila usilolijua, ukurasa mmoja wa Biolojia utakupa maneno 60, na Jumatano daftari utaligeuza la kuchorea katuni.

Kosa jingine ni kuandika maana bila sentensi. Kamusi inaweza kukupa maana tano za neno moja, ukabeba isiyohusika. Sentensi ndiyo inayokuambia ni ipi.

Yapo pia maneno machache yanayostahili kubandikwa ndani ya mfuniko wa tranka: yale yanayoanzisha maswali. "State" linataka hoja fupi, mstari mmoja kila moja. "Explain" linataka hoja pamoja na sababu yake, na aliyejibu kwa mstari mmoja hapo anaachia alama zake mezani. "Differentiate" ndilo linaloua wengi: mwanafunzi anaeleza kitu A aya nzima, kisha kitu B aya nzima, bila kuvikutanisha popote. Chora jedwali la safu mbili, kila mstari ubebe tofauti moja, A ikitazamana na B. Nenda kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, uone taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ni za bure, na lawama ya kutoelewa matakwa ya swali utaikuta humo tena na tena. Watu wanalipa tuisheni, hizi hawazifungui!

Vitabu navyo visikusumbue. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure kwa simu ya mzazi. Nimesema ya mzazi. Simu shuleni hairuhusiwi, na ukikutwa nayo utasimamishwa masomo kwa kitu ambacho hata chaji ulikuwa unaiiba.

Hisabati ina ugonjwa wake. Ni somo linaloangusha wengi kidato cha nne miaka nenda miaka rudi, na mizizi yake iko kidato cha kwanza, kwenye namba hasi na sehemu. Mpe mwanafunzi 7 − (−3), wengi wataandika 4. Jibu ni 10, kwa kuwa kutoa hasi ni kujumlisha. Asiyelimaliza hilo mapema atalikuta tena kwenye aljebra, kisha kwenye majira ya nukta, na kila mahali litamla alama huku yeye akiamini mada mpya ndiyo ngumu. Maswali 5 kila siku, kwa mkono, hatua zote zikionekana. Kusoma Hisabati kwa macho ni kujidanganya.

Upande wa madaftari: kaunta buku ya kwaya 2 ina kurasa 192, ya kwaya 3 ina 288. Nunua kwaya 3 kwa Biolojia, Jiografia na Historia, kwaya 2 kwa mengine. Notsi ziandikwe ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uache wazi kwa maswali yako na maelezo utakayoyaongeza ukishaelewa. Utaonekana mfujaji. Vumilia, maana upimaji wa kidato cha pili hufanyika mwishoni mwa mwaka unaofuata na unagusa mada za kidato cha kwanza pia, na ukianguka unarudia darasa. Kaunta buku ya mwaka wa kwanza si ya kufungia maandazi.

Najua nyote mnaosoma hapa mnaitaka division one, daraja la kwanza, basi ijueni hesabu yake. Kwa utaratibu uliopo matokeo ya kidato cha nne hupimwa kwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Division one ni pointi 7 hadi 17. B nne na C tatu zinakupa 17 kamili. C saba tupu zinakupa 21, division two. Kwa hiyo kinachohitajika ni B nne, na B inaanzia alama 65. Haihitaji kipaji cha ajabu, inahitaji mtu asiyelala prepu, ule muda wa kujisomea usiku.

Wa bweni: andika jina kwa maka pen kwenye kila kitu, ndoo iandikwe ubavuni na chini, shuka lidariziwe pembeni. Hela ya matumizi akae nayo matroni au patroni. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, hutumwa, hiyo ipo. Kuchota maji ya bafu la kaka mkuu saa tano usiku, kupigwa au kunyang'anywa chakula hakumo kwenye utamaduni wowote, mwambie mwalimu wa malezi siku hiyo hiyo.

Wa kutwa: pima umbali kwa miguu kabla ya shule kufunguliwa. Ikiwa ni zaidi ya saa moja na nusu kwenda tu, tafuteni hosteli, ndugu wa karibu na shule au baiskeli. Kumpangia binti wa miaka 14 geto, yaani chumba cha kupanga, akae peke yake ili awe karibu na darasa ni kumtupa, hata kama kodi ni ndogo. Na mchango wa chakula cha mchana lipeni mapema, iwe hela au debe la mahindi. Vipindi vya mchana havisomeki na njaa.

Mama, likizo fupi ya kwanza akirudi nyumbani, usianze na ripoti. Omba lile daftari dogo, chagua ukurasa wowote, funika safu ya katikati, muulize maneno 10. Akipata 7, mwache akacheze. Akipata 3, kaeni wiki hiyo muyarudie pamoja, nusu saa baada ya chakula cha usiku, hata kama wewe mwenyewe Kiingereza hukijui. Maana zimeandikwa hapo hapo.