Zawadi ya kampuni inalala wapi?

Mwaka wa kwanza niliokabidhiwa bajeti ya promosheni niliimaliza yote kwenye maonyesho ya Saba Saba. Kampuni yetu inauza vifaa vya ujenzi: rangi, mabomba, gundi ya vigae, misumari. Bosi alitaka banda letu pale Barabara ya Kilwa lionekane, nami nikachapisha kofia 2,000. Siku ya tatu hazikuwepo. Watu walipanga foleni, watoto wakapita mara mbilimbili, mlinzi wa getini akaondoka na nne, na mimi nikapiga picha nyingi za kupeleka ofisini. Agosti nikamuuliza dada wa kaunta kama kuna mteja hata mmoja aliyesema alituona kwenye maonyesho. Akacheka tu.

Katika oda ile ile kulikuwa na kitu nilichokinunua kwa sababu chenji ilibaki: futi za kupimia 60, kila moja ya mita tano, zenye namba ya simu ya duka. Kijana wetu wa mauzo akazigawa kwa mafundi wa Kimara na Mbezi, na mimi nikazisahau. Miaka minne baadaye fundi mmoja akapiga simu kutoka Kibaha, anataka mabomba ya nyumba nzima. Nikamuuliza namba yetu ameitoa wapi. "Si hii hapa kwenye futi," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi ya masoko leo, ukishikishwa fedha ya zawadi, usianze na bei ya kitu. Anza na mahali kitakapolala. Kofia yangu ililala kwenye msumari nyuma ya mlango wa mtu asiyejenga chochote. Futi ililala mfukoni mwa mtu anayeulizwa na mwenye nyumba, "Sasa fundi, tununue wapi?" Na huku kwetu mwenye nyumba hachagui bomba. Anachagua fundi, na fundi ndiye anayechagua bomba. Fedha niliyoitupa kwenye kofia ingenunua futi, penseli za seremala na pima maji za kutosha mafundi wa wilaya nzima.

Kila biashara ina mahali pake pa namna hiyo, na kupajua lazima utoke ofisini. Rafiki yangu anauza dawa za mifugo. Yeye hagawi kalamu. Anachapa chati ya chanjo za kuku kwenye karatasi ngumu, ina mdondo, gumboro na ndui, ina nafasi ya kuandika tarehe, na juu ina namba yake. Chati inapigiliwa bandani, na siku kuku wanapoanza kuzubaa namba iko mbele ya macho. Mwingine anauza gesi ya kupikia. Alibandika stika nzuri kwenye kila mtungi aliouuza, akashangaa simu haziji. Ilimchukua miezi kugundua kwamba mtungi ukiisha hurudishwa dukani ukabadilishwa na mwingine, kwa hiyo stika zake zilikuwa zinazunguka mjini kwenye majiko ya wateja wa watu. Siku hizi kijana anayepeleka gesi anaomba ruhusa kwa mama mwenye nyumba, anabandika stika kwenye mlango wa kabati la jikoni.

Kalenda nayo usiidharau kwa sababu kila mtu ana simu. Nenda Singida au Songea, ingia duka lolote, tazama ukutani. Kalenda inakaa miezi 12, na karatasi yake ikiwa nzito, mwakani watoto wanajalidia madaftari, nembo yako inaendelea hadi shuleni. Tatizo ni sisi watu wa makampuni. Tunaweka picha kubwa ya mkurugenzi akiwa na tai, tarehe tunazibana chini kama maandishi ya nyuma ya dawa. Mwenye duka anataka namba anazoziona akiwa upande wa pili wa kaunta, sikukuu zenye rangi nyekundu, na nafasi ya kuandika nani anadaiwa na siku ya kikoba. Sikukuu zihakiki moja moja mwenyewe. Idi zinasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na ni lazima uandike kwamba zinategemea mwandamo wa mwezi. Usimwachie mpiga chapa kazi hiyo, maana yeye huchukua faili la mwaka jana akabadilisha mwaka tu. Halafu oda ya kalenda iwe imeingia kiwandani Oktoba. Kalenda inayofika Januari 15 inakuta msumari umeshapata mwenyewe.

Sasa nizungumzie rangi, jambo ambalo hakuna aliyenifundisha darasani. Nembo yetu ni nyekundu. Tukatengeneza fulana za fomu siksi, nyekundu, kitambaa kizuri, kola imesimama, tukawagawia mafundi. Karibu nusu yao hawakuzivaa hata siku moja. Mmoja nilimkuta Tabata ameigeuza ndani nje, nembo iko kifuani kwake inamkwaruza. Nikamuuliza kuna nini. "Bosi, mimi Yanga." Basi. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na ubishi wa rangi hautapumzika kwa ajili ya bajeti yako. Kijani na njano ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mbali na Yanga ni rangi za chama tawala. Ukizigawa mwaka wa uchaguzi, wengine watakupokea kwa shangwe usiyoistahili na wengine watakukwepa, na wewe ulikuwa unauza saruji tu. Tangu hapo nguo zetu ni za kijivu au bluu iliyoiva, nembo ndogo kifuani, na mgongoni neno FUNDI kwa herufi kubwa. Neno hilo ndilo linalowafanya wazivae. Mtu anatangaza kazi yake mwenyewe, na sisi tunapanda lifti.

Khanga ni somo jingine. Tulitaka kuwashukuru wake wa wateja wakubwa na wanawake wenye maduka ya vifaa, mtu akapendekeza khanga. Wazo zuri, ila msanifu wetu akaleta mchoro wenye jina la kampuni kamili, na "Limited" yake, palepale panapokaa jina la khanga. Mwanamke gani atatoka nyumbani na neno Limited nyuma yake? Nikabadilisha, nikaweka "Nyumba njema si mlango". Nilijiona nimepatia, sisi si watu wa ujenzi? Mama wa stoo, aliyenizidi miaka 20, akaangalia mchoro akaurudisha mezani.

"Mwanangu, hilo ni fumbo."

"Fumbo gani mama, methali tu."

"Methali kwako wewe. Mimi nikiivaa nikapita kwa jirani yangu aliyeweka geti jipya, atajua nimemwambia yeye. Unatutafutia ugomvi."

Tukaweka maneno ya dua ya kuibariki nyumba, na jina la kampuni tukalitia dogo kwenye kona ya pindo. Miaka imepita, bado nazikuta kwenye misiba na kwenye kamba za kuanikia nguo. Ukitoa khanga, toa doti nzima. Kipande kimoja ni kama kumpa mtu kiatu cha kulia. Na kabla ya kuchapa, mtafute mama wa stoo wa ofisini kwako, umsomee jina lile kwa sauti.

Kosa langu kubwa la fedha lilitokana na ubahili. Mifuko ya plastiki yenye nembo ilikuwa rahisi ukichapa mingi, nikachapa mingi. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba mwisho wa mifuko hiyo ni Mei 31. Tulikuwa na stoo imejaa. Hata kuigawa bure tusingemaliza, na tarehe 1 Juni nembo yetu ingekuwa mkononi mwa mtu anayevunja sheria. Tangu siku hiyo sichapi zaidi ya mahitaji ya miezi sita, hata muuzaji akinionyesha bei inayoshuka kama mteremko wa Sekenke. Hii mifuko mbadala nayo ina viwango vyake vya uzito, mwambie muuzaji akuonyeshe kwamba inakidhi masharti ya TBS, shirika la viwango, kabla hujalipa. Na kama una wateja nje ya mpaka, kumbuka Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na Kenya tangu Agosti 28, 2017. Zawadi za kwenda Kigali tunazifunga kwa karatasi. Mwenzetu aliwahi kufunguliwa begi mpakani akabaki na madaftari mikononi.

Nije kwenye zawadi za wakubwa, sehemu ambayo vijana wengi huiogopa au huikimbilia. Hapa Tanzania tuna neno zuri lililoharibika, takrima. Kiswahili chake ni ukarimu kwa mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu mgombea kutoa takrima, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo, kwa kuwa ukarimu na hongo vilikuwa vimevaa kanzu moja. Kampuni nazo zina takrima zao. Mteja wako ni taasisi ya umma na zabuni iko wazi? Usipeleke kitu, hata daiari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haigusi serikali peke yake, afisa ununuzi wa kampuni binafsi naye anaweza kukuponza, au wewe kumponza yeye. Kwetu tunafanya hivi: zawadi inakwenda ofisini, mchana, na barua yenye orodha, inaandikwa kwa idara badala ya mtu, na inatoka baada ya biashara kwisha. Mtu akikwambia "hiyo niletee nyumbani", umeshajua imekuwa nini.

Hampa za Desemba zilinitia aibu mara moja. Tuliagiza 40 zinazofanana, kila moja na chupa ya mvinyo, na moja ikaenda kwa Alhaji mmoja wa Kariakoo aliyekuwa ananunua kwetu kuliko yeyote. Hakusema neno. Alituma kijana airudishe, imefungwa vilevile. Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, akanikaribisha kahawa, akaniambia yaliyopita si ndwele. Siku hizi yeye na wengine kama yeye tunawapelekea tende nzuri wiki moja kabla ya Ramadhani, na ratiba ya futari ya mji wao. Ratiba ile inabandikwa mlangoni mwa friji na kutazamwa kila jioni kwa mwezi mzima. Sijui tangazo gani la redio lingenipa hilo.

Ya uchapaji nitayapitia haraka, maana utayajifunza kwa kuumia. Usimpe fundi wa nembo picha iliyopita WhatsApp, mpe faili la asili ambalo likikuzwa halivunjiki. Uchapaji wa skrini unatozwa kwa kila rangi, kwa hiyo miliki nembo ya rangi moja kwa ajili ya vitu vya bei ndogo. Sablimesheni, yaani kuhamishia rangi kwenye kitambaa kwa joto, inataka poliesta nyeupe au ya rangi hafifu, kwenye pamba haishiki. Fulana ya kitambaa cha gramu 120 kwa mita ya mraba inaonyesha mwili, nenda 160 hadi 180. Kofia chagua ya vipande vitano, ya vipande sita mshono wake unapita katikati ya nembo. Herufi nyembamba usizitie kwenye nakshi ya uzi. Na sampuli usiitazame tu: ifue, ikwaruze kwa ukucha, iache juani siku mbili. Namba tuliyochapa kwenye plastiki ya futi za awamu ya pili ilifutika kwa jasho na saruji ndani ya wiki chache, tukahamia kuichonga kwa leza kwenye kibanio cha chuma. Kama unaagiza China, iwe Guangzhou au Yiwu, kumbuka viwanda vinafungwa wakati wa mwaka wao mpya, Januari au Februari, na meli haina haraka na Saba Saba yako. Na Kariakoo utatajiwa bei mbili, yenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na isiyo nayo. Chukua yenye risiti, usigombane na mhasibu.

Jambo la namba ya simu nililijua kwa kuchelewa. Tulipohama ofisi, uongozi ukaamua tubadilishe laini ziwe za mtandao mmoja. Nikazisahau zile futi 60, na nyingine mia kadhaa tulizogawa baadaye. Bahati nzuri dada wa kaunta hakusahau. Laini ya zamani aliitia kwenye simu ya kitochi, akaiweka droo ya juu, na kila mwezi anaiwekea vocha kwenye fedha ya chai. Juzi iliita mchana wakati tunakula. Alikuwa fundi, yuko Chalinze, futi aliachiwa na kaka yake aliyestaafu, anauliza kama gundi ya vigae bado tunayo.