Barua za Bustani: Mwezi wa sita umeingia, shusha matuta

Wasomaji wangu, mwangaluka. Mvua ya mwisho hapa Nyegezi, Mwanza, ilinikuta nguo zikiwa kambani, katikati ya mwezi wa tano, na tangu hapo ni upepo tu. Vuli tutaiona mwezi wa kumi, Mungu akipenda. Barua za safari hii ni nyingi, na zaidi ya nusu zinalia kilio kimoja, kwa hiyo naanza na huyu kijana aliyekieleza vizuri kuliko wote.

*Shikamoo mayu. Nimepanga Buhongwa, nyuma ya nyumba kuna kipande cha hatua nane kwa sita. Mwezi wa nne nilipandisha matuta, mchicha na chainizi vikastawi hadi nikagawia majirani. Sasa namwagilia asubuhi, mchana na jioni, lakini ikifika saa nane mchicha umelala kama umepigwa. Udongo wenyewe ni kichanga. Nakosea wapi? — Kijana wa Buhongwa*

Marahaba, mwanangu. Mwezi wa nne hukukosea. Unakosea kwa kubaki mwezi wa nne wakati wenzako tuko wa sita.

Tuta la kuinuka kazi yake ni kufukuza maji. Masika tunalipenda kwa sababu hiyo, mizizi haizami kwenye tope. Sasa hakuna maji ya kufukuza, na tuta lako linapigwa jua juu na upepo ubavuni, linakauka kama nguo kwenye kamba. Lishushe. Wewe unaishi Usukumani, jaruba la mpunga unalijua, lile shamba lililozungushiwa kingo za kushika maji. Tengeneza vijaruba vya mboga: upana mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani, urefu wowote, kina kama sentimita 15. Ule udongo mweusi wa juu uweke pembeni kwanza. Wa chini, uliopauka, ndio uutumie kupandishia kingo, kisha ule mweusi uurudishe ndani pamoja na nusu debe la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba. Wengi wanaugeuza mpango huu, wanapanda mboga kwenye udongo wa chini halafu wanasema mbegu mbovu.

Kuhusu kumwagilia mara tatu, acha nikuchekeshe. Mwaka wa kwanza nilipohamia hapa kutoka Sengerema nilikuwa hodari kama wewe. Kila nikipita na kopo, namwaga. Siku moja nikachomeka kisu cha jikoni kitaluni: kimo cha kucha mbili kilitoka na udongo mbichi, chini ya hapo kikavu kama unga wa muhogo. Maji yote niliyobeba yalikuwa yanalowesha ngozi ya ardhi na kurudi hewani kabla ya adhuhuri. Na mizizi si mijinga, inakaa pale penye maji. Ukiilea juu juu, siku moja ukisafiri kwenda msibani unarudi unakuta kuni.

Mwaga maji mengi kwa mpigo mmoja, halafu pumzika. Kwa luseni, yaani udongo wa kichanga kama huo wa kwako, ndoo ya lita 10 kwa mita moja ya mraba, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Wenye udongo mzito wa mbuga wanaweza kumwaga lita 20 na kukaa siku tatu au nne, kwa sababu udongo ule unashika. Luseni haushiki, ukiuzidishia maji yanapita kwenda zao na kubeba mbolea. Miche iliyohamishwa juzi usiiweke kwenye hesabu hii, hiyo inyweshe kidogo kila jioni kwa wiki nzima mpaka ishike.

Halafu huo mchicha kulala saa nane. Usiutazame saa nane. Hata mimi saa nane nalala. Utazame saa kumi na mbili asubuhi: ukiwa umesimama, hauna kiu, ulikuwa unajikinga na jua. Ukiwa bado umelala alfajiri, hapo ndipo una deni la maji.

Mwisho, funika ardhi. Matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu, au pumba za mpunga kutoka mashineni, unene wa vidole vitatu, mbali kidogo na shina. Mchwa watakuja, usishtuke, wakishapata nyasi kavu mara nyingi mboga mbichi hawana haja nayo. Adui wa matandazo ni kuku. Wangu wanayafukua kila siku na jogoo ndiye msimamizi wao. Nimezungushia chandarua cha zamani na bado tunagombana.

*Mama, mimi niko mlimani Mabatini. Uwanja wangu ni jiwe tupu, udongo ninaouona ni wa kwenye vyungu. Nitapanda wapi? — Mama Pacha*

Mwenzangu, panda kwenye kiroba. Salfeti ya mchele ya kilo 50 inatosha. Changanya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi. Tafuta kopo kubwa la rangi lililotobolewa kitako likabaki kama bomba, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, uzungushie udongo, kisha livute juu, ujaze tena, hivyo hivyo hadi mdomoni. Mwisho unabaki na nguzo ya kokoto katikati, ambayo ndiyo njia ya maji kufika chini. Bila nguzo hiyo, juu patakuwa tope na chini jangwa. Toboa matundu ubavuni kwa kupishanisha, weka sukuma wiki na matembele, na juu panda vitunguu au miche miwili ya nyanya. Kiroba hakina akiba, hivyo hicho kimwagilie kila siku, lita tano hadi kumi.

Jambo moja la kwenu watu wa mawe. Jiwe likipigwa na jua la mchana linabaki na moto hadi usiku, kwa hiyo usiegemeze kiroba kwenye jiwe, na usikiweke moja kwa moja juu yake. Tanguliza mbao au matofali. Kiweke upande wa mashariki wa nyumba, kipate jua la asubuhi, na jua kali la jioni ukuta ukikinge. Salfeti yenyewe italiwa na jua baada ya msimu mmoja au miwili, ikianza kuchanika usiisogeze, ivalishe nyingine juu yake.

*Nyanya zangu majani yana michirizi myeupe kama ramani, ndani kuna kiwavi mdogo. Na matunda mengine yameoza kitako, meusi. Nimeambiwa ni ugonjwa mmoja. Nipige dawa gani? — Msomaji wa Sangabuye*

Si ugonjwa mmoja, ni misiba miwili imekutana nyumba moja.

Michirizi ni kazi ya kantangaze, mdudu wa nyanya. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kwetu Tanzania alibainika mwaka 2014. Usiku ni kipepeo mdogo wa kijivu usiyeweza kumdhania ubaya. Mayai yake yakianguliwa, kiwavi anaingia katikati ya jani, juu ngozi na chini ngozi, kwa hiyo dawa ya kunyunyiza juu inamkosa, na kwa jinsi watu walivyompiga dawa moja kila wiki ameshaizoea. Kiangazi anazaliana haraka kwa sababu hakuna mvua ya kumsumbua.

Ninachofanya kwangu: kila asubuhi napita na mfuko, nachuma kila jani lenye mchirizi na kila tunda lenye tundu, nafunga mfuko na kuuacha juani siku kadhaa. Usiyatupe pembeni ya bustani, utakuwa umemhamisha chumba tu. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa, vipepeo wanaifuata taa na kutumbukia. Mbegu za mwarobaini nazitwanga, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zinalala usiku kucha, nachuja na kunyunyiza jioni jua likishalegea. Haiui kama umeme, lakini inampunguza. Na mnavu, bilinganya na viazi mviringo usivipande jirani na nyanya, huko kote ni kwao. Ukilazimika kununua dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu. Nimewahi kununua nyanya sokoni zikiwa na weupe wa dawa, na muuzaji akaniambia ni vumbi.

Kuoza kitako ni kitu kingine kabisa, hakuna mdudu hapo. Tunda limekosa madini ya chokaa, na mara nyingi chokaa imo ardhini ila haipandi kwa sababu maji unayatoa kwa hasira: leo mafuriko, siku nne ukame. Rudi kwenye barua ya kijana wa Buhongwa, funika ardhi na upange siku za maji. Majivu ya jikoni, ngumi moja kwa shina, uyachanganye na udongo, yanasaidia polepole. Matunda yaliyokwisha kuoza yang'oe, hayatapona.

*Nina mpapai wa miaka miwili, unatoa maua mengi yananing'inia kama shanga, tunda hakuna. Mume wangu ameupigilia msumari ili uzae. — Bi. Mdogo, Igoma*

Mwambie shemeji aung'oe msumari, akapigilie mlango wa banda la kuku. Maua ya kuning'inia kwenye vikonyo virefu ni ya dume. La jike linakaa limebana shinani, nene, na tumbo lake dogo unaliona. Safari nyingine panda miche mitatu kwenye shimo moja, usubiri ichanue, kisha ukate isiyohitajika. Bustani nzima dume mmoja anatosha majike kumi. (Barua hii ilipita mezani kwa wahariri, na nimeambiwa walicheka sana. Sijui walichekea papai au msumari.)

*Naomba ruhusa yako mayu: niko Kirumba karibu na mwaloni, kwenye soko la samaki. Mabaki ya samaki ni bure. Nilifukia vichwa kwenye kitalu cha mchicha, mbwa wa mtaa mzima wakafukua, na jirani sasa hanisalimii. — Aliyeaibika*

Pole. Mbolea yenyewe ni nzuri sana, kosa ni kina. Mabaki mabichi hayafukiwi kwenye kitalu chenye mboga, yanapooza yanatoa joto na kuunguza mizizi. Chimba shimo la mgomba au la papai, kina cha mkono mzima hadi begani, weka mabaki chini, majivu juu yake, kisha udongo, ukanyage, na jiwe kubwa juu. Mwanza jiwe hatuna shida nalo. Baada ya miezi miwili panda. Ila mapanki, yaani mifupa ya sangara, yakiwa bado na nyama usiyafukie, siku hizi ni mboga ya watu. Jirani mpelekee mchicha, atasalimia.

*Je, magugu maji yanafaa kuwa mbolea? Na nikilima pale pale ufukweni si nitapata maji kirahisi? — Msomaji wa Ukerewe*

La pili kwanza: hapana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hata sheria isingekuwepo, samadi na dawa zako zingeteremka zote majini, na magugu unayoniulizia yangeshiba zaidi.

Magugu yanafaa. Ziwa Victoria lilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 wakaachiwa mbawakavu wanaoyala, yakapungua lakini hayakuisha. Yavune kabla ya kuchanua, yakatekate, yaanike nchi kavu yakauke hadi yavunjike, kwa sababu kipande kibichi kikirudi majini kinaota upya. Kisha yachanganye na samadi kwenye rundo, geuza kila wiki mbili. Yanayoelea kwenye midomo ya mitaro ya mjini yaache, yanafyonza uchafu wa humo. Na usiingie majini miguu mitupu. Konokono wa kichocho wanapenda pale pale kwenye magugu, na kichocho kinapenya kwenye ngozi bila kubisha hodi. Vaa gambuti.

*Mgagani wangu hauoti, mbegu nimevuna mwenyewe mwezi uliopita. Na majani ya kunde yamenizidi, watoto wamechoka. — Mama wa Kisesa*

Mbegu ya mgagani ikivunwa leo inalala. Iweke kwenye chupa kavu miezi mitatu na zaidi, ndipo uisie, na usiifukie, ipapase tu na udongo.

Kunde zisikutese, hili jua ndilo la nsansa, majani ya kunde ya kukausha. Chuma majani machanga, yachemshe kidogo na chumvi, yakamue, yatandaze kwenye ungo juu ya paa, si chini ambako mbuzi wanapita. Siku tatu hadi nne yanakuwa meusi na mepesi. Yafunge kwenye chungu au ndoo yenye mfuniko. Mwezi wa tisa mchicha ukiwa ghali, loweka usiku, asubuhi pika na karanga ulizotwanga mwenyewe, usiweke nyanya. Nsansa yangu ya mwaka jana bado imebaki kidogo, na mjukuu aliyekuja likizo kutoka Dodoma ameomba apewe yote aondoke nayo. Nimempa nusu.